Sawa ya Kuitikia

Ukitaka kumwona Tope amenuna, mwalike kwenye nyumba yenye bustani nzuri. Wageni wengine watasifu maua na kuuliza nyasi zimetoka wapi. Yeye atazunguka nyuma ya jiko, atainama pale ukuta unapokutana na ardhi, atagusa rangi inayobanduka, kisha atarudi kwenye kiti chake na sura ya mtu aliyeonyeshwa kidonda. Kazi yake ni kuchimba na kutengeneza viwanja vya nyumba kabla watu wa bustani hawajafika. Anaondoa kifusi, anakata vilima, anajaza mashimo, anaipa ardhi mwinamo ili maji ya mvua yajue pa kwenda. Akishamaliza, wanakuja wenzake na miche na nyasi, wanafunika kila alichofanya, na wao ndio wanaopigwa picha.

Jina la Tope alipewa na mafundi wenzake zamani, siku katapila yake ndogo ilipozama kwenye shimo la maji machafu naye akatoka humo akiwa haonekani ila meno. Lilimganda. Hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika humwita baba watoto. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita hivyo, na huyo ni mama mkwe wake. Siku binti yake alipomleta nyumbani kumtambulisha, rafiki mmoja alipita barabarani akaita, "Tope! Tope!" naye akaitika bila kufikiri. Mama akaweka kikombe chini. "Mtu mzima anaitwa Tope," akasema kwa upole uliozidi matusi, "na anaitika?" Tangu siku hiyo akamwita fundi, kama anavyomwita yule anayekuja kuziba bomba. Mpaka leo anamwita fundi.

Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alishona sare za shule za nusu ya mtaa na magauni ya harusi ya nusu iliyobaki, na jicho lake liliweza kuona pindo lililopanda upana wa ukucha kwenye sketi ya mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Wajukuu aliwapenda kupita kiasi. Ila alimtakia bintiye mwanaume wa shati jeupe, akaletewa mwanaume ambaye hata kucha zake zilikuwa na historia.

Na Tope alimwogopa. Alikuwa mtu wa kung'oa visiki na kuvunja miamba, lakini mbele ya mwanamke yule mwenye miwani inayoning'inia kifuani jasho jembamba lilimtoka. Njia yake ya kuishi naye ilikuwa maneno mawili: "Sawa, mama." Alipoambiwa makochi yake ni mabaya, sawa, mama. Aliposhauriwa aachane na katapila akafungue duka la vitambaa, sawa, mama, na kesho yake asubuhi akaenda kuchimba. Mkewe alikuwa akimcheka mpaka machozi. "Siku mama akikwambia ujitupe mtoni," alisema, "utasema sawa, halafu utauliza mto gani."

Ndoa ikaenda hivyo, watoto wakakua, hakuna aliyegombana na mwenzake. Kisha baba mkwe akaanguka bafuni. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali muda mrefu, na mama hakubanduka pale. Watoto walikuja kumwona baba yao kitandani, akawatania kama kawaida yake, na wakimuuliza mama hali ikoje aliwajibu jibu lile lile, "Anaendelea vizuri. Anafanya mazoezi." Wakafurahi, wakarudi makazini.

Ndipo siku moja simu ya Tope ikalia akiwa juu ya mashine.

"Fundi, baba yenu anakaribia kurudi. Nataka uwanja wa nyuma utengenezwe, pawe na nyasi, apate pa kupumzika. Nataka uwe sawa."

"Sawa, mama."

Uwanja ule ulikuwa na kila kosa ambalo uwanja unaweza kuwa nalo. Waliojenga nyumba walizika mabaki yao pale pale: matofali mabovu, mifuko ya saruji iliyoganda, hata kitasa cha mlango na funguo zake. Katikati kilikuwepo kilima cha kifusi kilichoota majani, na kutoka hapo ardhi ilishuka moja kwa moja kuelekea mlango wa jikoni. Mvua ikinyesha maji yalikuja mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na unyevu uliofika usawa wa goti. Mwisho wa uwanja palikuwa na mti wenye kivuli kizito, na chini yake ndipo baba mkwe alipopenda kukaa na redio yake, akibishana na watangazaji.

Tope alianza kama anavyoanza siku zote. Alikwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, akaulundika pembeni na kuufunika turubai, maana watu wa bustani wangeuhitaji. Kisha akakivamia kilima. Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali kuandaa nyumba, na kila baada ya muda alitokea mlango wa jikoni.

"Itakuwa sawa kama meza?"

"Itakuwa sawa, mama."

"Kuanzia hapa mlangoni mpaka kwenye mti. Sitaki kuona mahali panaposhuka."

Tope akaonyesha ukuta. "Mama, maji nayo yanahitaji mwinamo mdogo tu, yasije yakarudi ukutani..."

"Wageni watakuja kumwona baba. Sitaki viti vinavyoyumba."

"Sawa, mama."

Mchana sababu ilikuwa nyingine: vyungu vya maua vingeanguka. Jioni hapakuwa na sababu kabisa, alisema tu kwamba yeye hapendi mahali panaposhuka, hajawahi kupapenda. Tope alirudi nyumbani akiwa na mawazo. Maji hayaangalii nani ni mama mkwe. Uwanja ukilazwa sawa kama meza, mvua itatuama, itatafuta njia, na njia iliyo karibu ni ule ukuta uliokwisha kuonja unyevu. Nyuma ya ukuta ule ndipo angelala mzee mgonjwa. Kwa upande mwingine, kumwambia mama hapana ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakujua hata mdomo unakaaje wakati wa kulisema.

Akaamua kujitia hamnazo. Angeweka mwinamo mdogo mno, wa kuanzia ukutani kushuka hadi kwenye mtaro atakaouchimba kando ya uzio, mwinamo ambao macho hayauoni lakini maji yanaujua. Kesho yake akapiga vigingi, akafunga uzi kutoka mlangoni hadi upande wa mti, akaushusha kidogo kidogo akiangalia pimamaji, yaani kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na povu lake linalocheza. Akaanza kukata ardhi kwa kuufuata uzi. Kazi ilikwenda vizuri. Alikuwa hata ameanza kupiga mluzi.

Alikuwa amesahau kwamba anamdanganya fundi cherehani.

Mama alitoka na kikombe cha chai, akasimama, akaivuta miwani kutoka kifuani na kuiweka puani. Akainama usawa wa uzi, jicho moja limefumbwa.

"Uzi huu unashuka."

"Kidogo tu, mama."

"Pindo likishuka kidogo tu, mteja anarudisha gauni." Akainuka. "Nilikwambia nataka sawa. Ukasema sawa. Mara ngapi umesema sawa?"

Tope akazima mashine. Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akatafuta maneno na kuyakosa, hatimaye yakamtoka yaliyokuwa chini kabisa.

"Mama, ile sawa niliyosema ilikuwa ya kuitikia. Haikuwa ya kupima."

Mama akamtazama. "Yaani miaka yote hii ulikuwa unaniitikia tu?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Kumwitikia mtu na kumheshimu ni kitu kimoja?"

Tope alikuwa ameshaanza, na mtu akishaingia kwenye matope mpaka magotini hakuna faida ya kuogopa kuchafuka. Akapiga moyo konde. "Sitaulaza, mama. Nikiufanya kama meza, mvua ya kwanza kubwa maji yatakuwa chumbani kwa baba. Kama unataka hivyo, tafuta mtu mwingine. Mimi sitaufanya."

Mama akaingia ndani na chai yake, mlango ukafungwa.

Tope akakaa juu ya mnyororo wa katapila. Alifikiria jinsi atakavyomweleza mkewe. Aliwaza mashemeji watakavyomsema kwenye kila kikao cha familia hadi watakapomzika. Alikuwa ameanza kukusanya vigingi vyake mlango ulipofunguka.

"Fundi. Njoo huku. Vua viatu."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na kidole kikachungulia nje kana kwamba nacho kimeitwa. Alimfuata mama kupita jikoni, kupita sebuleni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na hapo akagoma. Katika miaka yote ya ukwe wake hajawahi kuvuka sebule ya nyumba ile. Kuingia chumba cha kulala cha wakwe zake, tena yupo mama peke yake, ni jambo ambalo hata kulifikiria lilimtia haya.

"Ingia," mama alisema. "Hakuna anayekula mtu humu."

Kitanda kilikuwa kimekatwa miguu, kikabaki chini kama cha mtoto. Nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Mama akalivuta shuka. Kilikuwa kiti cha magurudumu, bado kina nailoni kwenye mikono yake.

"Hatasimama tena," alisema. "Daktari aliniambia mimi. Miguu ndiyo basi."

"Lakini mke wangu anasema baba anafanya mazoezi."

"Anafanya. Ya mikono. Ya kuendesha hiki." Mama akakaa kwenye kile kitanda kifupi, magoti yakapanda juu, akaonekana mdogo kuliko Tope alivyowahi kumwona. "Waliniuliza anaendeleaje, nikasema vizuri. Wakauliza tena, nikasema vizuri. Na mimi nilikuwa naitikia tu."

Tope akasimama pale, kidole nje, hajui aangalie wapi. Alimwonea huruma, na aliona aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

"Jumapili nilikitoa nje kukijaribu," mama aliendelea. "Kitupu, hakina mtu. Kikanitoka mikononi, kikashuka mbio, kikagonga mlango wa jikoni. Alama ipo pale, kaione. Mikono hii ni ya sindano, fundi. Nikiwa naye peke yangu humu, watoto wako makazini, akanitoka yeye, nitamshikaje?" Akalikunja lile shuka. "Ndiyo maana nataka sawa."

Tope akakichukua kile kiti, akakibeba mpaka nje, akakiweka kwenye kipande alichokuwa amekwisha kukata, chenye ule mwinamo wake asiouona mtu. Akaketi juu yake.

"Nisukume, mama."

"Una wazimu?"

"Nisukume. Baba ni mzito kama mimi."

Mama akatazama kushoto na kulia, akashika vishikio, akasukuma. Mwanzoni kiti kilikuwa kigumu. Kisha kikaona mteremko. Kikaenda taratibu, kikaenda haraka, mama akaanza kutembea, akaanza kukimbia, akapiga yowe, vishikio vikamponyoka. Jirani aliyechungulia juu ya uzio alimwona Tope akipita kasi, miguu juu, macho yamemtoka pima, na mama wa watu nyuma yake ameshika kichwa. Kiti kikaishia kwenye lundo la udongo mweusi, kikamwaga abiria wake humo.

Mama alipofika alikuwa anahema. Akamwangalia alivyolala, udongo mpaka masikioni, akaanza kucheka. Alicheka akainama, akacheka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka na akawa analia, naye Tope akabaki amekaa kwenye udongo akimsubiri amalize.

"Umeona?" mama alisema mwishowe.

"Nimeona, mama. Una haki."

"Na wewe je?"

"Na mimi nina haki. Hapo ndipo penye kazi."

Wakakaa wote wawili kwenye kizingiti cha jikoni wakiutazama uwanja. Tope alifikiria njia yenye kona nyingi, akaiacha. Mzee angechoka kabla ya kufika mtini. Alifikiria zege uwanja mzima, akaona aibu hata kulitaja. Mama alikuwa anachezea gauni lake gotini, kama afanyavyo akiwa mbali kimawazo. Analibana, analiachia, analibana.

"Kitambaa kikikataa kukaa," alisema, "unakikunja rinda. Hapa juu ya rinda pananyooka mwanzo hadi mwisho, huku na huku panashuka." Akamwonyesha, mstari mmoja ulionyooka juu ya paja lake, nguo ikianguka pande zote mbili. "Udongo haukunjwi?"

Tope akalitazama lile rinda. Akautazama uwanja. Akainuka bila kuaga, akaenda kung'oa vigingi vyote na kuanza kuvipiga upya.

Alinyanyua ukanda mmoja wa ardhi kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya mti, mpana wa kutosha kiti na mtu wa kutembea kando yake, usawa mmoja mwanzo hadi mwisho. Kifusi kizuri cha kile kilima ndicho alichokijaza chini yake, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa mpaka likaacha kuitikia mguu. Juu akaweka changarawe laini, nayo akaishindilia. Pande mbili za njia ardhi ilishuka polepole, mbali na ukuta wa nyumba, hadi kwenye mitaro miwili inayomwaga maji barabarani. Kingo alizilaza ili gurudumu likitoka nje ya njia kiti kisipinduke.

Siku hizo mama hakukaa ndani. Alivaa viatu vya zamani vya mzee, akashika ncha ya pili ya uzi, akawa anafumba jicho na kutoa amri. Akiuliza, "Sawa?" Tope hakujibu mpaka aweke pimamaji na povu litulie katikati. Mara nyingine alijibu, "Bado." Mama alilipokea neno hilo vizuri tu, kama mtu aliyekuwa akilisubiri kwa muda.

Jambo moja tu lilibaki. "Usimwambie mkeo," mama alisema siku moja wakiwa wanakunja mpira wa maji. "Nitawaambia wote baba akishafika."

"Hapana, mama," Tope alisema. Safari hii mdomo ulikuwa umeshazoea. "Mimi simwambii. Lakini Jumamosi atakuja, ataona njia pana namna hii, ataniuliza ni ya nini, na mimi kudanganya sijui. Umwambie wewe, kabla hajajiambia mwenyewe."

Jumamosi mkewe alikuja. Alisimama mwanzo wa njia, akaitazama kwa urefu na kwa upana, na uso ukaanza kumbadilika. Mama akamshika mkono, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa. Tope akachukua beleshi akaanza kuhamisha udongo kutoka hapa kwenda pale bila sababu yoyote, akilikwaruza kwa kelele, ili asisikie kilio cha mke wake. Alikisikia. Baadaye mkewe alitoka macho mekundu, akaja kumshika bega.

Mvua ilinyesha kabla nyasi hazijapandwa. Tope aliacha kazi aliyokuwa nayo mtaa mwingine, akaja mbio, akasimama chini ya paa la jikoni na mama mkwe wake. Maji yaliteremka kushoto, yakateremka kulia, yakaondoka zake. Ukuta ukabaki mkavu. Njia ikasimama katikati, nyeusi na imetulia. Mama akaingia ndani akarudi na chai, vikombe viwili.

Baba mkwe alirudi siku ya jua. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa shingoni, ila mdomo ulikuwa ule ule. "Mmenikatia kitanda," alisema alipokiona. "Mlidhani nimefupika?" Watoto wakagombea kumsukuma. Mama akawaambia wakae pembeni. Akakamata vishikio yeye, akapita jikoni, akavuka kizingiti, akaingia njiani. Mishipa ya mikono yake ilikuwa imesimama. Mbele, karibu na mti, Tope alijifanya anaokota majani makavu kwenye nyasi changa, huku amepanua miguu kama golikipa.

Katikati ya njia, pale palipokuwa na kilima, mama akasimama. Akavuta pumzi. Akaachia vishikio.

Kiti hakikwenda mbele, wala hakikurudi nyuma.

Mzee akageuza shingo. "Mbona umeniachia?"

"Mikono imechoka."

"Nikiondoka je?"

"Huondoki," mama alisema. "Hata ukitaka."

Mzee akatazama miguu yake, akatazama mti. Kisha akashusha mikono, akayashika magurudumu, akaanza kujisukuma mwenyewe, kwanza kwa shida, halafu kwa kishindo, changarawe ikilia chini yake. Tope akasogea kando kumpisha, na machozi yakamtoka mbele ya mashemeji zake wote wala hakuyafuta. Mama alimfuata mumewe kwa nyuma, polepole, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.